Wenyeji wa Tumbo la Mama Mkwe

2 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, katikati ya chai. Daftari hili nimelitoa stoo ya maabara. Lilichapishwa la kuandikia joto la jokofu, asubuhi na jioni, na jokofu lenyewe limekufa tangu mwaka juzi, kwa hiyo kila ukurasa una safu mbili nyembamba ambazo naandika juu yake bila kujali. Mwaka jana msimu wa mvua uliisha nisikumbuke hata siku moja ila uchovu. Mwaka huu nataka nikumbuke kitu.

Kazi yangu ni kupima choo. Watu wakiniuliza nasema niko hospitali, na naachia hapo. Mama mkwe, anayeishi nasi tangu baba mkwe afariki, haachii hapo. Huwaambia wageni kwamba mkwe wake amesoma miaka mitatu ili aangalie vinyesi vya watu. Yeye alifua mashuka ya hospitali hiyohiyo miaka thelathini na mbili, na hata sasa akiingia chumbani kwangu huinua pembe ya shuka, akaitazama, akairudisha bila neno. Hilo la bila neno ndilo linaloniudhi.

5 Machi

Mvua. Sampuli kumi na tisa. Umeme umekatika mara tatu.

9 Machi

Wameanza kuletwa wanaoharisha, na kila mtu anasema kipindupindu kabla hatujasema sisi. Leo sampuli sitini na mbili, na wapimaji tuko wawili, mimi na mkuu wa maabara, ambaye mgongo unamuuma na macho hayaoni vizuri kwenye hadubini.

Naandika jinsi tunavyofanya, maana nikisoma baadaye nitajiuliza muda ulikwenda wapi. Choo kidogo kinapakwa kwenye sahani mbili za chakula cha bakteria, zinalala ndani ya kabati la joto, kesho yake tunasoma. Sahani ya kwanza ni ya kijani. Bakteria wa kipindupindu akiwemo, huota madoa ya njano. Sahani ya pili ni ya rangi ya zambarau hafifu, na hiyo huota kwa kila mtu, mgonjwa na mzima, kwa sababu tumboni mwa kila mtu wamejaa bakteria wa kawaida. Sisi tunawaita wenyeji. Wanaota madoa ya pinki, mengi, yamebanana. Akiwepo mbaya huonekana katikati yao hana rangi.

Zamani matokeo ya mtu asiye na mbaya tuliyaandika kwa mkono: Wameota bakteria wa kawaida tu, hakuna wa ugonjwa. Maneno manane kwa kila karatasi, na msimu wa mvua una karatasi elfu. Miaka sita iliyopita mkuu akachonga muhuri. Unasema SAFI. Tunagonga, tunatia herufi zetu chini, tunasonga mbele. Siku alipouleta nilitaka kumkumbatia.

12 Machi

Mama mkwe kajikata mguu. Mvua ilimkuta nguo ziko kwenye kamba, akatoka mbio kwenye maji ya uani, bati likamchana muundi. Amekwenda zahanati akapewa vidonge vya kuua bakteria. Nimemwambia avimalize. Baba watoto yuko kazini tangu juzi, pampu za mji zote zimemezwa na matope na fundi wa pampu ndiye yeye.

15 Machi

Sampuli sabini. Nimekula nimesimama.

18 Machi

Jumapili, nimelala mpaka saa tatu na kuamka nimechoka vilevile. Mama alikuwa anafuta meza kwa dawa ya kuulia wadudu, mara ya tatu tangu asubuhi. Nikamwambia aipumzishe ile meza. Akaniuliza mtu wa maabara anawezaje kutetea uchafu.

Basi nikakaa nikamweleza, maana kwa mara moja nilikuwa na muda. Nikamwambia kwamba tumboni mwake kuna bakteria wengi kuliko watu wote duniani, na wengi wao ni wema au angalau hawana neno naye. Wanakula mabaki ya chakula chake, wanamtengenezea vitamini, na kubwa zaidi, wamejaza nafasi. Mbaya akifika anakuta kila kiti kina mtu. Wengine wabaya wamo humohumo siku zote, wachache, wamekaa kimya kwa sababu wamezidiwa idadi. Na ngozi nayo ina wake, na mdomo una wake.

Alinisikiliza kwa heshima yote, kitambaa mkononi. Halafu akasema, "Kwako huko sawa. Tumboni mwangu mimi hakuna mpangaji."

Nikacheka mpaka nikakohoa. Sikumbuki lini mara ya mwisho yule mama alinichekesha.

21 Machi

Mguu haujapona, umevimba na unatoa joto. Zahanati wamembadilishia, sasa anachomwa sindano zenye nguvu asubuhi na jioni. Baadaye nimegundua kwamba vidonge vya kwanza hakuviacha. Anavimeza na sindano juu yake, na katikati kajiongezea vingine alivyoletewa na jirani. Anasema mguu mmoja hauwezi kushindana na dawa tatu. Nilipaswa kukaa naye tukazipanga. Nilivua viatu nikalala.

23 Machi

Mvua. Themanini na nne. Mkono wa kugongea muhuri unauma kwenye kiwiko.

26 Machi

Mama anaharisha. Alianza jana, akanyamaza, leo asubuhi nimemkuta ameegemea ukuta wa bafuni, midomo imekauka. Nimempeleka. Wamemlaza kwenye wodi ya kuharisha, kitanda cha sita kutoka mlangoni, kwa mashaka ya kipindupindu. Alipoona shuka la kitanda aliinua pembe. Nikafurahi, nikasema bado yupo.

Sampuli yake nimeibeba mwenyewe mpaka maabara. Namba arobaini na nne.

27 Machi

Leo nilianza na ya arobaini na nne, kabla ya zote. Niliifungua sahani ya kijani. Hakuna njano. Nikageuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha, hakuna hata doa moja. Sahani ya pili nikaitupia jicho. Hakuna asiye na rangi. Nikagonga SAFI, nikatia herufi zangu, na nikapeleka karatasi wodini kwa miguu yangu mwenyewe, mimi ambaye huwa nangoja wahudumu waje kuchukua. Mama aliisoma kwa kuisogeza mbali na macho. Akasema ahsante mwanangu. Kwa miaka kumi na nne ameniita mkwe.

Nimelala vizuri.

30 Machi

Nesi wa zamu anasema Mama anaendelea vizuri, ameenda choo mara mbili tu tangu jana. Ila homa haishuki. Daktari wa wodi, binti mwenye miwani aliyemaliza masomo juzijuzi, ameniambia kwamba kwa kuwa tumbo ni safi, basi homa inatoka mguuni, na amemwongezea dawa ya kuua bakteria kwenye dripu, kali kuliko za mwanzo. Nikaitikia. Ilikuwa na mantiki. Nilikuwa na sampuli tisini zinaningoja.

1 Aprili

Naandika nikiwa kwenye benchi la nje ya wodi, saa kumi jioni. Mvua ni ileile.

Saa mbili asubuhi nilipitia kumsalimia nikakuta tumbo la Mama limejaa kama puto na hataki liguswe. Ana joto la kuunguza. Alinitazama akafumba macho. Nesi alisema ameanza hivyo alfajiri. Shuka chini yake lilikuwa jeupe pe, limekunjwa pembe kama alivyokuwa akikunja yeye, na harufu niliyoisikia haikutoka kwenye shuka hilo. Ni harufu ya choo kilichooza, nzito, ya aina yake. Miaka kumi na tisa nimenusa kila aina na hiyo nimekutana nayo mara chache. Nikasimama pale najaribu kukumbuka niliikuta wapi.

Nikarudi maabara. Sahani zilizokwisha kusomwa huchemshwa kwenye pipa la mvuke siku ya pili kisha hutupwa, lakini pipa halijawashwa tangu tarehe ishirini na tano kwa ajili ya umeme, na sahani zote zimerundikana kwenye ndoo za nyuma. Nilizipekua kwa glavu, moja moja. Nilisahau chai, nilisahau sampuli za leo. Mkuu alikuja akasimama mlangoni akaniuliza natafuta nini, nikamwambia mama yangu.

Namba arobaini na nne ilikuwa kwenye ndoo ya tatu. Sahani ya zambarau hafifu. Niliiinua dirishani kwenye mwanga uleule.

Haikuwa na kitu. Hakuna mbaya, ni kweli, lakini hata pinki hakuna. Hakuna mwenyeji hata mmoja. Sahani ya choo cha binadamu, iliyolala kwenye joto usiku kucha na kukaa siku tano zaidi, ilikuwa kama siku ilipomiminwa. Na mimi niliitupia jicho nikatafuta mbaya, nikamkosa, nikagonga.

Dawa zile tatu zilikuwa zimewamaliza wote. Nyumba ilibaki wazi. Na yuko bakteria mmoja, mwenye jina refu ambalo hata shuleni tulilifupisha, ambaye haoti kwenye sahani zetu kwa sababu hewa inamuua. Hukaa tumboni kwa baadhi ya watu akiwa amezidiwa, na huzagaa hospitali akiwa mbegu kavu ambayo hata spiriti ya mikono haiiui; sabuni na maji tu ndivyo vinavyoiondoa. Wenyeji wakifa, huyo huamka, huzaana na kutoa sumu inayochubua utumbo, na choo chake hunuka harufu ile ya asubuhi. Kila dawa tuliyomwongezea Mama baada ya hapo ilikuwa inamfagilia njia.

Nilikimbia na sahani mkononi kwenye korido iliyojaa maji, jambo ambalo tunafukuziwa kazi. Daktari mwenye miwani alikuwa kitanda cha pili. Nikamwonyesha.

"Hii tupu," akasema.

"Ni ya mama mkwe wangu."

"Lakini uliandika safi. Mimi nikasoma tumbo halina tatizo."

"Najua."

"Kwenu safi maana yake nini?"

"Kwamba hatujaona wa ugonjwa."

"Na sahani ikiwa tupu hivi mnaandika nini?"

"Tunagonga hiyohiyo."

Hakunifokea. Ningependa angenifokea. Alivua miwani akaifuta kwenye koti, akaivaa, akaenda kitanda cha sita akaifunga dripu ya dawa kwa mkono wake. Alisema atamwanzishia dawa ya kunywa inayomlenga huyo mmoja bila kungoja, na tupeleke sampuli maabara kuu wakapime sumu. Akasema utumbo ukitoboka hana daktari wa upasuaji wa kumfungua mama wa miaka sabini na moja katika hali hii. Akasema siku tatu zijazo ndizo zitakazosema.

Baba watoto amefika saa nane na matope mpaka magotini. Nimemwambia ni bakteria. Sijamwambia la muhuri. Amekaa ameshika mguu wa mama yake, ule mzima.

2 Aprili

Hakuna nafuu. Maji ya dripu tu, na vijiko vya dawa ambavyo nusu vinamwagika shingoni.

Nimemweleza mkuu. Akafungua daftari la matokeo tukahesabu pamoja. Tangu mvua zianze tumegonga SAFI mara elfu moja na kumi na tatu. Ngapi zilikuwa na wenyeji na ngapi zilikuwa tupu, hakuna anayejua. Karatasi hazisemi, na sahani za mwanzo zilishachemshwa zikatupwa. Nilitafuta majina ya waliofariki wodini wakiwa na muhuri wetu nikapata tisa. Huenda wote walikuwa na wenyeji kibao na wakafa kwa mambo mengine. Huenda.

Mkuu alisema muhuri aliuchonga yeye, kwa hiyo lawama ni yake. Nikamwambia mkono uliogonga ulikuwa wangu. Tukawa kama watu wanaogombea kulipa nauli. Mwishowe akauchukua, akaufungia kwenye droo yake na ufunguo akanipa mimi. Nilikuwa nikimwona mzee aliyechoka kazi anayengoja kustaafu. Leo nimemwona anaandika kwa mkono, macho karibu yaguse karatasi, maneno manane, sampuli themanini na moja.

3 Aprili

Tumbo limekaza zaidi. Nimenawa mikono kwa sabuni mpaka ngozi imechanika.

4 Aprili

Anaongea maneno yasiyoeleweka. Anahesabu mashuka.

5 Aprili

Siandiki.

6 Aprili

Joto limeshuka kidogo asubuhi. Jioni limepanda. Daktari anasema asubuhi ni asubuhi. Nimemwuliza maana yake nini akasema naye hajui, amechoka tu.

8 Aprili

Majibu ya maabara kuu: sumu ipo. Ni yule bakteria. Tumbo la Mama limelegea tangu jana mchana, na leo ameomba chai. Daktari amenionyesha kidole gumba kutoka mwisho wa wodi. Nilitoka nje nikasimama chini ya paa la stoo nikalia. Sikulia kwa furaha peke yake. Nililia kwa wale tisa.

Nimemwambia baba watoto kila kitu. Alisikiliza, akainuka, akaenda kutengeneza bomba la jikoni ambalo halikuwa na ubovu. Baada ya saa moja akarudi akaniuliza kama nimekula.

11 Aprili

Mvua imepungua, inanyesha kwa vipindi. Mama ameketi. Amebaki mifupa na macho, sauti haifiki kitanda cha jirani. Nimemletea uji, nikamnywesha nusu kikombe, nikaona nisipomwambia leo sitamwambia tena.

Nikamwambia, "Mama, lile jibu la kwanza lilikuwa na kosa. Niligonga mimi."

"Najua uligonga wewe. Herufi zako si zilikuwepo pale chini."

"Nilitakiwa nione sahani ni tupu, niseme. Wangeacha zile dawa siku ileile."

 Alikuwa anatazama mikono yake juu ya shuka. Nikadhani amelala macho wazi, kama anavyofanya siku hizi. Kisha akasema hakuwahi kuacha kuharisha.

Sikuelewa. Akanieleza polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache. Tangu siku nilipoleta karatasi alikuwa akienda mara kumi, mara kumi na mbili kwa siku. Alikuwa akijikokota mwenyewe kwa kushika vitanda, wodi ikiwa na fujo na nesi mmoja kwa watu arobaini. Akijichafua, alikuwa akivua shuka na kulifua kwenye ndoo bafuni, na kuchukua kavu kwenye kabati la mashuka, ambalo alilijua lilipo kuliko yeyote. Nesi akimwuliza umeenda mara ngapi, anajibu mbili. Siku nne. Akiwa na homa ile, na mguu ule.

"Kwa nini, Mama?"

"Ulikuwa umeshaandika niko safi. Niliwaonyesha karatasi wodi nzima, nikawaambia huyu ni mwanangu kaandika. Sasa nikisema bado naharisha, si watasema hujui kazi yako?"

Nilishika kikombe cha uji nikashindwa kukiweka chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira zake. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa msamaha, nikauandalia maneno. Hili sikuwa na pa kuliweka. Nikamwomba radhi, nikamwomba tena, nikamwambia asije akanificha kitu cha mwili wake kwa ajili yangu, hata tone, hata nikiwa nimeandika nini.

"Sitakuficha," akasema. "Na wewe siku ambayo hujui, andika hujui."

Nikasema ndiyo, Mama. Akaniambia nimgeuzie mto, upande huu umelowa jasho. Nikamgeuzia, na nikakaa naye mpaka alipolala.